Ramani Niliyoifungia Sandukuni

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunitetea. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kampuni ya intaneti hapa Shinyanga niliianzisha kwa jasho langu, wakati wenye digrii bado wanauliza intaneti ni mdudu gani. Nilisimamisha minara vilimani mpaka machimbo ya Geita, barua za kompyuta zikawa zinaruka kutoka mnara mmoja hadi mwingine.

Fundi wangu mkuu, Mama Neema, akachora ramani ya mtandao wote. Kila mnara duara, kila njia mstari, unaona nani anapitia wapi. Hata asiyejua kusoma angeielewa. Akaibandika ukutani ofisini.

Nikaibandua.

“Baba Masanja, sasa ndiyo nini hiyo?” akauliza Mama Neema.

“Mali yangu yote unaianika kwa kila mgeni? Sisi Wasukuma ng’ombe tunawatawanya kwa ndugu, jicho baya lisijue idadi.”

“Mnara haurogwi, mzee. Unapigwa na radi tu.”

“Na radi huwa inatumwa na nani?”

Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikuwa natania. Ramani nikaipeleka nyumbani, nikaifungia sandukuni.

Masika yale Mama Neema alikwenda Chato kumzika mama yake. Huku nyuma radi ikapiga, upande wa Geita ukakatika. Fundi aliyebaki alikuwa mgeni kazini. Akaniuliza, “Mzee, zahanati ya machimboni inapitia kilima kipi? Au tuitazame ile ramani?”

Nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi. Lakini mimi, mwenye minara, nitazame karatasi mbele ya mtu niliyemwajiri juzi?

“Minara yangu naijua kama ng’ombe wangu. Nenda kilima cha magharibi.”

Akaenda, siku nzima ikapotea. Mnara ule ulikuwa mzima. Njia ya zahanati Mama Neema alishaihamishia kilima kingine tangu kiangazi, kabla hajachora ramani. Aliniambia, nikaitikia bila kusikiliza. Kwenye ramani ilikuwepo.

Siku hiyohiyo shimo lilimfukia mchimbaji mmoja. Walimtoa hai, mapaja yamevunjika. Huko simu zilikuwa bado hazijafika, mganga wa zahanati akawaandikia hospitali kwa kompyuta walete gari. Akaandika mara tatu. Barua hazikutoka. Kesho yake wakampakia kwenye lori la mawe, akafia njiani.

Mimi nikatoa sanda, nikatoa na gari la kumpeleka marehemu kwao. Watu wakanisifu. Mjane wake nikikutana naye anapiga goti. “Shikamoo baba. Mungu akuzidishie.”

Naitikia marahaba, napita. Sijamwambia.

Ninyi wenzangu mliopanda kwa nguvu zenu, nawaambieni: kubalini kuonekana hamjui mbele ya mliyemwajiri. Aibu ile ingenipita kabla ya chai ya saa nne. Hii ya kuitikia marahaba sijui nitaitua wapi.