Nilivyomuua Shangazi Somoe

Uso wa kuyasimulia haya sina, lakini kwa kuwa Kivinje nzima inayajua na kila mtu ameshatia chumvi yake, bora mnisikie mwenyewe: nilimuua shangazi yangu akiwa hai, na wali wa hitima yake nikaula.

Yalianza na maumivu chini ya kitovu, miezi mitatu mizima, nami nasema ni ndoo za maji, mpaka wauguzi walipokuja zahanati kupima wanawake kwa siki (siki kweli, jamaa wa ile ya kachumbari). Muuguzi akaniambia maumivu yale ni maambukizi, akanipa dawa zake, ila mlango wa kizazi una mabaka meupe, si lazima iwe saratani, lakini Jumatatu niende hospitali Lindi wakate kinyama kidogo wakapime. Mimi nikasikia saratani tu. Nikauliza mabaka yanatoka wapi, akasema kuna kirusi kinapita kwa kujamiiana, na kinaweza kukaa mwilini miaka mtu hajui. Hapo nikamuona mume wangu, Baba Shamte, akiniuliza nimekiokota wapi, kisha akinirudisha kwetu kabla sijafa.

Basi nikamwambia mume wangu kwamba Shangazi Somoe wa Lindi anaumwa, nataka kwenda kumtazama. Akasema twende wote Ijumaa. Ijumaa itanisaidia nini mimi? Jumatatu alfajiri nikatoka chumbani na simu mkononi, machozi yanatiririka (ya kweli, maana nilikuwa naogopa), nikasema shangazi amefariki, wanazika adhuhuri, yeye asihangaike hatawahi. Akanipa pole, akaniambia nitangulie. Hilo neno "tangulia" sikulitia akilini. Nikazima simu, nikaondoka najiona mjanja.

Kinyama kikakatwa, nikaambiwa nipumzike, nisinyanyue kitu kizito. Nikajilaza kwa shangazi, ambaye nilimwambia yote isipokuwa kwamba amekufa. Siku ya tatu, yeye uani anatwanga kisamvu, mimi mkekani, nikasikia kilio barabarani. Sauti ya mama mkwe wangu naijua. Hitima! Mtoto wa pwani mimi, nimekumbuka maziko nimesahau hitima. Walikodi gari, mume wangu na wanawake wa mtaa mzima, na gunia la mchele na sufuria mbili.

Shangazi kusikia kilio akatupa mchi, akatoka mbio naye analia, akamkumbatia mama mkwe mlangoni, anauliza, "Nani kafa, jamani, nani?"

Mama mkwe akamtazama marehemu usoni. Akakaa chini palepale mchangani, anasoma kila dua anayoijua.

Wote wakanigeukia. Nilitaka kuzua uongo mwingine, lakini ulikuwa umeniishia, nikayasema yote mbele ya umati, mabaka, kirusi, mlango wa kizazi, mpaka mwenye gari akaona heri akakague matairi. Baba Shamte akachuchumaa pembeni ya mkeka.

"Hiki kirusi kinaweza kuwa nimekuletea mimi?"

Nikamwambia hakuna ajuaye, muuguzi kasema kinaweza kukaa miaka, basi tusichukuliane ubaya.

"Sasa Mama Shamte, ungeniambia unaumwa, si ningekuja na gari hilihili?"

Nililia kuliko nilivyolia kwenye msiba wangu wa uongo. Mchele haukurudi Kivinje, ulipikwa, na marehemu akaomba aongezewe.

Majibu yalitoka baadaye: si saratani, ni mabadiliko ya mwanzo tu, wakayatibu, ila nirudi kupimwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nikaumbuliwa na kifo cha mtu mzima wa afya. Sirudii tena, wallahi.

Juzi siku ya kurudi ilipofika nilisimama barazani, nikasema wazi kabisa, "Naenda Lindi kupimwa mlango wa kizazi." Nilidhani nitakwenda na mume wangu tu. Kutoka nje, gari lilelile limejaa, mama mkwe kakaa mbele na kanga yake mpya, anasema naye atapimwa, na sufuria zote mbili zimo. Nikampigia shangazi kumpa habari kwamba tunakuja.

"Njooni," akasema, "lakini safari hii mtu asilie mpaka anione."