Matobolwa Yaliyooza kwa Amri

Saa nne asubuhi, jua la kijiji cha Didia limeshapamba moto na Limi Maduhu (47) yuko juu ya jabali, ameinama. Anageuza matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kimoja baada ya kingine.

"Hili jabali ndilo kiwanda changu," anasema. "Limenisomeshea watoto watatu."

Wateja wake ni wachimbaji wadogo wa dhahabu Mwakitolyo. Matobolwa hayachachi, mtu huyatia mfukoni akashuka nayo shimoni.

Mwaka jana Limi aliitwa kwenye semina ya ujasiriamali. Siku mbili za soda na hotuba, akarudi na fulana na cheti. Kiazi hakikutajwa hata mara moja.

Wiki tatu baadaye akaja mkaguzi wa vyakula. Jabalini hakupanda. Aliamuru chakula kianikwe ndani, kwenye sakafu ya vigae, la sivyo asiuze.

"Kijana wa kumzaa mimi, na shikamoo hakunipa," anasema Limi. "Nikamwambia, baba, matobolwa yanataka jua na upepo. Akasema sheria ni sheria."

Limi akatii. Akauza ndama, akaweka vigae chumbani, akaingiza magunia manane. Siku ya tano yote yalikuwa yameota ukungu. Nelly, kitinda mimba wake, akarudishwa kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada.

Inatia hasira. Nchi nzima tunawaimbia akina mama wajiajiri, kisha tunawatuma watu wasiojua kiazi kinavyokauka waje kuwafundisha kukausha viazi.

Aliyemnyanyua Limi hana cheti wala muhuri. Ni Mwanaima, muuza dagaa wa Kahama. Alisikia habari zake sokoni, akaja na wavu na misumari, wakaunda pamoja chanja za kuanikia. Upepo unapita chini, vumbi na mbuzi havifiki.

"Hakunihutubia," anasema Limi. "Alishika nyundo. Siku tatu tulishinda naye juani."

Sasa ana chanja kumi juu ya jabali lake, na anataka Nelly arudi chuoni muhula ujao. Kinachomkwamisha ni kibali cha kuuza. Mkaguzi yuleyule anarudi Alhamisi, na Limi ameshampandishia kigoda jabalini.

"Safari hii simkaribishi kivulini. Atakaa hapa, atafune, ndipo aseme."

Na akiulizia vigae?

"Nitampeleka akavione," anajibu, akigeuza kipande kingine. "Mbuzi wangu wanavilalia."