Jino Lililonyamaza

Fundi makochi yule alikuwa na mikono mitatu: miwili ya kawaida, na mdomo. Kila asubuhi akishafungua karakana alichota misumari midogo kwenye kopo, akaitia mdomoni kama mtu anayetia njugu, na kuanzia hapo usimtafute kwa maneno. Ulimi uliusukuma msumari mmoja hadi kati ya meno ya mbele, nyundo ikaupokea, kitambaa kikabanwa kwenye mbao, na mwingine ukaja. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemchonga kijitundu kati ya meno mawili ya juu. Wateja walimwita Misumari.

Mkewe alikaa nyuma yake kwenye cherehani, akishona vitambaa vya kuvalisha makochi. Walikuwa na lugha yao. Kichwa kuinama mara moja ilikuwa ndiyo, nyusi kupanda ilikuwa hapana, nyundo kugonga benchi mara mbili ilikuwa njoo unishikie huku. Wanawake wa mtaani walimwonea wivu. "Mume asiyefungua mdomo kutwa nzima," walimwambia, "umebahatika, shoga." Naye alicheka nao. Siku hizi ukimkumbusha hacheki.

Chuma huacha ladha mbaya mdomoni. Ili kuiondoa, Misumari aliweka chupa ya soda chini ya benchi, akapiga funda moja, baada ya muda funda jingine, tangu kufungua hadi kufunga. Meno aliyapiga mswaki asubuhi tu, tena kwa nguvu za mtu anayesugua sufuria iliyoungua, kisha akaketi kunywa chai ya vijiko vinne vya sukari. Usiku alilala bila kuyasafisha. Binti yao wa miaka tisa akirudi shule alimalizia kilichobaki kwenye chupa, na hiyo ilikuwa raha yao, baba na mwana. Hakuna aliyeona ubaya, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Gego lililoanza lilikuwa la chini, upande wa kulia. Mwanzoni lilishtuka kwa soda baridi tu, naye akahamishia mafunda upande wa kushoto. Baadaye likawa linapwita lenyewe hata akiwa amekaa kimya. Mkewe akamwekea karafuu, akamchemshia maji ya chumvi ya kusukutua. Jirani akaleta kidonge cha rangi mbili, akaagiza kifunguliwe na unga wake umwagwe ndani ya tundu la jino, ukamwagwa. Maumivu yalipungua kidogo, yakarudi na hasira.

"Mume wangu, nenda hospitali."

"Nikafanye nini? Kung'oa?"

Hilo ndilo neno walilokuwa nalo. Pale kwao hukusikia mtu akisema anakwenda kutibiwa jino. Watu walikwenda kung'oa. Baba yake Misumari, fundi kama yeye, alikwenda kung'oa, akarudi tena kung'oa, hadi akamaliza uzee wake akila uji, na misumari akiishika kwa vidole vinavyotetemeka. "Mimi nitazikwa na meno yangu yote," Misumari alimwambia mkewe. Alisema kwa mzaha, naye mkewe akamjibu kwa mzaha kwamba atakayekufa kwanza ni yeye, kwa kuchoka na jino la mwenzake.

Halafu Jumanne moja aliamka akatulia kitandani, akijisikiliza. Akaligusa gego kwa ulimi. Akaligonga kwa kucha.

"Limenyamaza," alisema.

Mkewe aliketi. "Kabisa?"

"Kabisa. Kama halikuwahi kuwepo."

Furaha waliyokuwa nayo asubuhi ile! Mkewe alijisifu kwa karafuu zake, akazifunga zilizobaki kwenye karatasi na kumpelekea jirani mwingine, mama aliyekuwa naye anaugulia jino. Habari ya hospitali ikafa. Misumari akarudi kwenye soda yake, sasa pande zote mbili za mdomo, na kwenye viti arobaini vya ukumbi wa mikutano vilivyokuwa vinangoja kuvalishwa upya.

Wiki mbili zikapita. Jumatatu moja mkewe alimwita kutoka kwenye cherehani amuulize kama kipimo ni kilekile, naye Misumari akainamisha kichwa bila kugeuka. Akamuuliza kama ana njaa, nyusi zikapanda. Mambo yalikuwa kama siku zote, na hapo ndipo mkewe alipokosea, maana kimya cha kazi na kimya cha maumivu vinafanana ukiviangalia kutoka mgongoni. Mchana alipopita mbele kuchukua uzi aliiona chupa chini ya benchi. Ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Akamshika bega, akamgeuza. Chini ya taya palikuwa pamevimba pande zote mbili, pagumu kama mbao, na mate yalikuwa yanamtiririka kifuani kwa sababu hakuweza kuyameza.

"Tema misumari."

Hakutema. Taya lilikuwa limekaza, halikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Mkewe akapenyeza kidole hicho, akaitoa misumari mmoja mmoja kutoka kati ya shavu na ufizi. Ilikuwa saba. Akaiweka kwenye kopo lake, sijui kwa nini, kisha akampeleka.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwangalia mgonjwa mara moja tu, akaamuru chumba cha upasuaji kiandaliwe, ndipo akamgeukia mkewe.

"Hilo jino lilinyamaza lini?"

Mkewe alishangaa kusikia neno lao kwa mgeni. "Wiki mbili sasa, daktari. Tukajua limepona."

"Lilikufa, mama. Mshipa wa ndani ukishaoza, maumivu yanakwisha, lakini usaha unaendelea kushuka kupitia mzizi. Kwake umeingia chini ya ulimi na shingoni. Unamziba pumzi."

"Na angekuja mapema?"

"Tundu likiwa dogo tungelisafisha na kuliziba. Angerudi kazini siku ileile."

"Kuziba? Bila kung'oa?"

"Bila kung'oa."

Walimpasua shingo, wakamtoa usaha na lile gego, wakamwekea mpira wa kupumulia kooni. Kesho yake mkewe aliruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Alimuuliza kwa namna ambayo angeweza kumjibu.

"Ulianza kuvimba kabla ya Jumatatu?"

Kichwa kiliinama mara moja.

"Ukanificha. Hukutaka kunisumbua?"

Kikainama tena, polepole. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Siku ya tatu sumu ilienea kwenye damu, akafariki, akazikwa na meno yote isipokuwa moja.

Msibani watu waliulizana kwa kunong'ona: jino? Jino tu? Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alisema ndugu yake hawezi kufa kwa jino, lazima kuna mkono wa mtu.

"Ni jino, wifi," mjane alimjibu. "Na liliponyamaza, mimi ndiye niliyeshangilia." Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa juu yake mwenyewe, na hakuwa na mahali pa kuiweka.

Baada ya miezi miwili alikuwa kwenye cherehani, akimalizia kitambaa cha kiti cha mwisho cha ukumbi, ambacho fundi mwingine angekuja kukivalisha. Binti aliingia na begi la shule mgongoni.

"Mama, lile jino langu la nyuma limenyamaza."

Mguu wa mama uliganda juu ya kanyagio. "Lilikuwa linauma?"

"Siku nyingi. Ulikuwa unalia, sikutaka kukusumbua."

Aliiacha sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Hakufunga hata mlango wa karakana.

Yule daktari alilipiga picha lile jino, akatikisa kichwa. Lilikuwa limeoza hadi chini, hakuna cha kuziba. Ila usaha ulikuwa bado kidogo, haujatoka nje ya mzizi. Walikuwa wamewahi. Alipoinua sindano ya ganzi mtoto akapiga yowe, likasikika hadi kwenye foleni, na muuguzi akamwambia anyamaze.

"Mwache," mama yake alisema, akiwa amemshika mikono yote miwili. "Lia, mwanangu. Lia wakusikie."

Mtoto akalia, naye mama akalia pamoja naye hadi jino lilipotoka.