Madaktari Wawili wa Mama

Mimi kutoka nyumbani mpaka nisukumwe. Majirani zangu wa mtaa wa Acocks Green, huku ughaibuni, wananijua zaidi kwa kuniona dirishani. Lakini siku ile mama aliishiwa na dawa, na magoti yake hayangeungoja uvivu wangu.

Kwetu mama hana nyumba moja. Akichoshwa na makelele ya wajukuu kwa dada, Small Heath, huja kwangu achoshwe na ukimya, kisha huenda kwa kaka, Stechford. Na kila mtoto, kwa kushindana kumpenda, humtafutia daktari wa karibu naye. Tuliona ndiyo adabu. Safari hii dada alikuwa ameshamwombea zile dawa kali za maumivu. Mama akahamia kwangu kabla hazijachukuliwa, nami, mtoto mwema, nikamwombea zilezile kwa daktari wa huku.

Nilipofika na mama kwenye duka la dawa, mfamasia alikuwa binti wa Kisomali aliyekulia Nairobi. Akamwomba mama ruhusa, akafungua rekodi yake kwenye kompyuta. Halafu akatueleza kwa upole kwamba dawa hizi zinachungwa, maana wapo wanaozizoea mpaka zikawaua, na wapo wanaoziuza. Daktari mmoja akiandika, mwingine anaweza kuona, na duka la dawa pia. Na alichokiona yeye ni bibi mmoja, madaktari wawili, dawa ileile. Hawezi kutoa mpaka aulize.

Foleni nzima ikatutazama. Nikamshika mama mkono tuondoke; kukimbia aibu ndiyo mazoezi pekee ninayofanya. Akauchomoa.

"Sitoki," akasema, akimgeukia mfamasia. "Mwanangu, mimi nikusanye vidonge nimpe nani? Huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu hata Panadol anataka aletewe kitandani."

Mfamasia alijitahidi asicheke, akashindwa. Mama akavuta kiti, akakaa katikati ya njia, watu wakawa wanampita kwa kujibana. Nami, kwa mara ya kwanza, nikasimama pembeni yake kama mlinzi, tumbo mbele.

Binti akapiga simu kwenye duka la dawa la Small Heath. Dawa alizoomba dada zilikuwa bado rafuni, hazijaguswa. Wakakubali kuzirudisha na kuifuta ile karatasi ya daktari. Akapiga na kwa daktari wa huku, kisha akatuletea mfuko wetu.

"Lakini mama, chagua daktari mmoja," akasema. "Na ingekuwa rahisi kama ungekaa nyumba moja."

"Daktari mmoja, sawa. Nyumba moja, hapana. Nina watoto watatu. Nikikaa kwa mmoja, hao wawili nimewazaa wa nini?"

Hapo nikapata ulimi. Nikauliza kama huyo daktari mmoja anaweza kutuma dawa kwenye duka lolote, popote mama atakapokuwa. Akasema anaweza, tumwambie tu ni duka lipi.

"Hata Stechford?" mama akauliza.

"Hata Stechford, mama."

"Basi zinifuate," akasema, akijiinua kwa kuniegemea bega. "Mimi sizifuati."