Alivyozoea Kuchutama

Kwetu, ng'ambo ya mto kutoka Garsen, ukungu wa asubuhi hupanda kutoka majini ukaingia hadi uani kama jirani asiyepiga hodi. Binti yangu wa mwisho aliupenda sana. Alikuwa akitoka mlangoni hatua chache tu, kisha anachutama katikati ya ule weupe, magoti yamegusa kidevu, mikono imekumbatia miguu, macho mbele. Sijui alikuwa akitazama nini. Nikimwita haitiki. Akishatosheka ananyanyuka, hatua chache tena, anachutama tena. Mpaka leo, na miaka imekwenda, ukungu ukipanda mimi hutazama kwanza chini, usawa wa magoti, ndipo nitazame mbele.

Alizaliwa mwaka ambao mto ulijaa mapema, katika miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatutawala. Mkunga alipompokea alimgeuza huku na huku, akasema mtoto ana baridi, apashwe moto. Tukampasha. Midomo ikabaki vile vile, kama midomo ya mtu aliyekula zambarau, na kucha nazo hivyo hivyo. Akilia, weusi ule ulitambaa hadi masikioni, kilio kikakatika katikati, macho yakapinduka, nami nimebaki pale nimemshika, roho yangu iko mbali. Kisha pumzi ilirudi, akalala siku nzima kama mtu aliyetoka kulima.

Daktari wa serikali alipita Garsen mara mojamoja, gari lake limejaa vumbi, akatandaza vitu vyake kwenye kibaraza cha duka la Mwarabu. Mimi na mume wangu tulivuka tukampeleka mtoto. Daktari alimwekea kipimo chake kifuani, akasikiliza muda mrefu, macho kayafumba, hata nikadhani amesinzia. Dresa, msaidizi wake, akatufasiria: moyo wa mtoto una tundu, umeumbwa hivyo tangu tumboni, na damu inapotea njia. Huko Ulaya wameanza kujaribu kuwapasua watoto wa namna hii, hapa petu bado. Mume wangu akauliza, basi sisi tufanye nini. Daktari alijibu maneno machache, na dresa naye akayasema kwa sauti ya chini.

"Msimlize. Siku moja atalia, pumzi isirudi."

Basi, dawa tuliyorudi nayo nyumbani ikawa hiyo. Sasa nifikirie mimi. Sikuzaliwa na ulimi mfupi. Nikigombana na mtu, walio ng'ambo ya mto husimama wasikilize. Na nyumba yetu ilikuwa na watoto wengine wawili, mume anayesahau kila alilotumwa, na mama mkwe ambaye kila sufuria nililolisugua yeye alilisugua tena. Nilijifunza kugombana kwa kunong'ona. Nilimwambia mume wangu maneno makali kabisa kwa sauti ya mtu anayebembeleza, naye akitikisa kichwa na kutabasamu kwa sababu mtoto alikuwa akitutazama. Akitaka kijiko, apewe. Akitaka kulala juu ya mgongo wa mbuzi, mbuzi ashikwe. Jogoo wa jirani aliyemshtua alfajiri tulimbadilisha kwa kuku wetu wawili, tukamla.

Majirani walinikanya. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, waliniambia, tena wakiitamka taratibu kama ndiyo kwanza naisikia. Niliwajibu kwamba nimekubali. Nitalia mimi, yeye asilie.

Alichelewa kutembea. Alipoanza, ndipo kuchutama kulipoanza nako. Hatua tano sita, chini. Tukienda kisimani, chini. Tukiwa katikati ya njia na watu wanapita na mizigo, binti anachutama hapo hapo, anahema, anatazama sisimizi. Daktari hatukuwa tumemwambia, maana alipomwona alikuwa bado wa kubebwa. Sisi wenyewe tuliona ni mazoea tu, mama mkwe akaona ni miguu.

Kwetu mtoto mwenye miguu mizito hupelekwa mchangani. Maji yakipungua, mafungu ya mchanga mweupe hutokeza mtoni, na jua likishaupasha mchanga huo joto, bibi huchimba shimo, humsimamisha mjukuu ndani yake, kisha humfukia hadi kiunoni. Humpa muwa atafune, naye huketi kando akisuka ukili wa mkeka na kumsimulia hadithi. Mchanga hufunga mifupa. Siku kadhaa za namna hiyo na mtoto husimama. Mama mkwe aliwasimamisha watoto wake wote, na kila nilipomlalamikia juu ya mume wangu alinijibu kwamba akili ya mwanawe hajui aliitoa wapi, ila miguu ya mwanawe ni kazi ya mikono yake yeye, nami niende nikatafute pengine mwanamume mwenye miguu ya nguzo kama ile. Kwa hiyo aliponiambia binti apelekwe mchangani sikukataa. Nilisema tungoje mpunga uvunwe, nipate nafasi niende naye.

Mpunga ukaanza kukomaa, ndege wakaja. Asiyewahi kuamia ndege hajui usingizi ni kitu gani. Unakaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba, kombeo mkononi, tangu kunapopambazuka. Unapiga kelele, ndege wanainuka wote kwa pamoja, anga linatiwa giza kidogo, wanatua upande wa pili. Unapiga tena. Jua linapanda, joto linapanda, mpunga unayumba, na baada ya muda hujui kama unapiga kelele au unaota unapiga kelele. Binti yangu alizoea kulala miguuni pangu juu ya dungu. Sauti yangu hiyo ya kuamia haikumwamsha hata siku moja.

Siku moja alibaki nyumbani na bibi yake. Nilikuwa nimeketi, macho nusu, nikiutazama mto. Maji yalikuwa kidogo, yanakwenda pole, na fungu la mchanga lilikuwa linang'aa. Niliwaona wawili juu yake, mkubwa na mdogo. Mkubwa akainama muda mrefu. Kisha mdogo akawa mdogo zaidi. Nikawa nafikiri, bila haraka, kama mtu anavyofikiri ndotoni: ala, mtoto yule amefupika. Amekuwa kichwa na kifua na mikono miwili, na bibi ameketi kando anasuka. Nilifurahi hata. Niliona mandhari mazuri. Ndege wakatua, nikawapigia kelele, wakainuka, nikatazama tena. Ile mikono miwili ilikuwa inapiga mchanga. Bibi ameacha kusuka, amepiga magoti, anafukua kwa vidole, na mchanga mkavu unarudi shimoni kila anapoutoa.

Nilishuka dungu sijui vipi. Nilipita katikati ya mpunga wetu nikiuvunja. Nyuma yangu ndege walitua, nikawasikia, nikawaachia. Maji yaliponifika mapajani sikukumbuka hata mamba, mimi ambaye huwa siteki maji kabla sijatupa jiwe kwanza.

Uso wa binti yangu ulikuwa rangi ambayo sijaiona tena. Kilio kilikuwa kimekwisha, mdomo umebaki wazi. Alikuwa amesimama wima shimoni, ameshikwa na mchanga, na kichwa kimeanguka upande. Mama mkwe hakunitazama. Tulifukua sote wawili, nikamshika chini ya makwapa nikamvuta, akatoka mrefu, amenyooka, hana uzito wowote. Nikaketi chini nikampakata. Nilitaka kumwita, nikakosa sauti, mimi.

Ndipo magoti yake yakapanda. Polepole sana, yenyewe, hadi yakagusa kidevu. Akajikunja mapajani pangu kama alivyokuwa akijikunja katikati ya njia, na mara kifua kikavuta. Kikavuta tena. Midomo ikaacha ule weusi, ikarudi zambarau yake ya siku zote, ambayo saa hiyo niliiona ni rangi nzuri kuliko zote duniani. Mama mkwe naye alikuwa ameona. Alimtazama mtoto, akalitazama shimo lililokuwa linajijaza lenyewe, akasema, "Kumbe alikuwa anajitibu."

Sikumgombeza. Watu waliponiuliza baadaye walidhani nawaficha, maana walikuwa wameshajiandaa kusikiliza. Lakini nilimwona alivyofukua. Kucha mbili zilitoka damu, naye alifukua kwa mapenzi yale yale aliyofukia nayo. Ningesema nini? Tulirudi nyumbani, mtoto yuko mgongoni kwake, kajikunja. Mpunga tuliovuna mwaka ule ulikuwa kidogo, na mume wangu alipouliza ndege walipataje nafasi, mama yake alimwambia anyamaze ale.

Tangu hapo tukawa watu wa kuchutama. Sikumbuki nani alianza. Nadhani ni mama mkwe. Tulikuwa tunakwenda Garsen, mtoto akachutama, na badala ya kumwinua au kusimama kumngoja, bibi naye akachutama kando yake, akatazama alichokuwa akikitazama. Basi nami nikachutama. Mume wangu aliyekuwa mbele na mzigo akageuka, akatuona, akautua mzigo. Ikawa ndiyo desturi yetu. Ukiwa chini vile, dunia ni nyingine kabisa. Unaona vumbi linavyopanda polepole likigusa jua. Unaona miguu ya ng'ombe wa wafugaji Waorma inapita, mingi, bila ng'ombe, na kusikia kengele zao juu huko kama zinatoka mawinguni. Tulikuwa tunakaa hivyo hata tunasahau tulikuwa tunakwenda wapi. Mama mmoja wa Kiorma aliyetuletea maziwa alitukuta njiani, akauliza kama tumepoteza kitu. Tukamweleza. Akaliweka buyu lake chini, akachutama nasi, akamnywesha mtoto kifunikoni. Hata vijana wa kivuko, watu wasio na subira na mtu yeyote, walimwona akichutama ukingoni wakaiacha kamba ya kukivutia mpaka akanyanyuka mwenyewe.

Magoti ya mama mkwe yalikuwa yanamuuma. Aliguna akishuka, akaguna zaidi akipanda. Siku moja nilimwuliza kama nimchimbie shimo nimsimamishe mchangani, yakaze. Nilijuta neno lilipotoka. Akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, akasema nikichimba nichimbe refu, ulimi wangu nao utoshe. Nilimpenda mama yule. Sikupata kumwambia kwa maneno hayo, nayasema hapa.

Nilidhani tumeushinda ugonjwa. Hilo ndilo lilikuwa kosa la furaha yetu: mtoto alikuwa hanenepi, anahema usiku, na vidole vyake vimevimba ncha, lakini kicheko chake hakikuwa kidogo, na mimi nilianza kumsukia nywele kama binti nitakayemwoza.

Alitutoka asubuhi ya ukungu, kabla hajang'oa jino. Alikuwa amechutama mlangoni, ameegemea paja la bibi yake aliyekuwa akisuka ukili. Bibi alidhani amelala. Aliendelea kusuka kwa mkono mmoja asije akamwamsha, na ukili ule, ambao ninao, umelegea kuanzia hapo. Nilipotoka na uji nikaona. Hakulia. Nasema hivyo kwa sababu ndilo jambo moja nililoambiwa nilifanye, nami nililifanya. Aliyelia ni mimi, kama walivyoniambia majirani, na siku hiyo hakuna aliyenikumbusha.

Tulimwosha sisi wanawake. Maiti hunyoshwa, ndivyo ilivyo, na mikono yangu ilipofika kwenye magoti yake ikashindwa. Mama mkwe akayanyosha yeye, polepole, akiyasugua kwanza kama anayapasha moto. Akamvika sanda. Kisha akatoka hadi uani walikosimama wanaume, na mwalimu wa chuo cha Kurani akiwa mbele yao. Akamwambia mwanawe mbele ya wote.

"Mkifika kule msimwache amenyooka. Mimi nilimnyosha mara moja, nikaona."

Nilimwogopa mwalimu, maana alikuwa mtu wa kukosoa hata adhana ya mwenzake. Aliinamisha kichwa. Akasema mtoto atalazwa ubavu wa kulia, aelekezwe kibla, na juu ya magoti kukunjwa, yeye hajasoma mahali palipokatazwa. Wakamchukua. Ukungu ulikuwa bado, wakaingia ndani yake mmoja mmoja, na sisi tukabaki.

Waliporudi jua lilikuwa limekwisha kutoka. Mume wangu alikuja wa mwisho, udongo umemfika viwikoni. Mama yake, aliyekuwa ameketi pale pale mlangoni, akamwuliza wamemlazaje. Alikuja hadi mbele yetu, mtu mzima yule mwenye miguu ya nguzo, akachutama. Magoti yakagusa kidevu, mikono ikakumbatia miguu. Kisha akaegemea upande wa kulia, pole, mpaka akalala udongoni, hivyo hivyo alivyojikunja.

Mama mkwe aliyatazama magoti yake.

"Hapo atapumua," akasema.

Nikaingia ndani, nikachukua leso ya binti yangu, nikatoka nikamfunika mume wangu nayo. Haikumfika miguuni.