Mama Fua wa Ua Wetu

Ametutoka mama fua wa ua wetu. Nasema wetu ingawa nilihama Bombolulu zamani kidogo, kwa kuwa ukishaanika nguo kwenye kamba moja na wenzio, huachi kuwa jirani yao kwa kupanga chumba kwingine. Aliyenipigia simu ni bibi mkaanga viazi, ambaye chumba chake kilitazamana na cha marehemu. Hakusema mengi. "Mwanangu, yule mwenzenu hatunaye. Kifua kimemshinda. Njoo tumzike." Marehemu alikuwa wa rika langu, na amemwacha binti ambaye hajaanza hata chekechea.

Huenda wewe msomaji hukumjua, lakini wa mfano wake unawajua. Alikuwa akienda Nyali kufua, kupiga deki na kusugua vyoo vya watu, leo nyumba hii, kesho ile, na jioni akirudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji. Mumewe alikuwa kibarua wa kupakua mizigo bandarini, upande wa Kipevu, kazi ambayo leo ipo, kesho haipo. Binti alipoanza tu kukaa, mama alirudi kazini, mtoto akaachwa kwa bibi yule mkaanga viazi. Tangu hapo swali likawa moja, likizungushwa pale uani kati ya ndoo na majiko: je, kazi ya kusafisha nyumba za wengine inafaa, ikiwa kwanza sharti umwache wako akilia?

Kwetu pwani mama akitoka humwachia mtoto leso, ile kanga aliyolala nayo, mtoto aikumbatie na kuinusa mpaka arudi. Naye alifanya hivyo, ikawa dawa. Jumapili moja alifua nguo za chumba kizima, na kwa mazoea ya mikono yake akaichukua na leso ile, akaifua ikang'aa, akaisuuza kwa maji ya manukato aliyopewa na tajiri wake. Kesho yake mtoto aliinusa, akaitupa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Jioni bibi alimwambia, "Mwanangu, kwa kufua huna mpinzani. Umejifua mwenyewe ukatoka." Ua mzima ulicheka. Yeye pia alicheka, kisha akaingia ndani na jasho lake la kutwa, akajifunga leso ile, akakaa nayo kitandani mpaka ugali ukapoa.

Baadaye alijaribu njia nyingine. Tajiri wake mmoja, mama mwenye huruma, alimruhusu aende na mtoto kazini. Sote tulifurahi, mimi nilidhani jambo limekwisha. Haukupita muda akamrudisha kwa bibi. Nilimuuliza sababu, naye alikuwa akikamua shuka, hakuacha.

"Kule hakunililia hata siku moja," alisema. "Lakini kutwa nilikuwa nikimwambia usiguse, usikanyage, kaa hapo hapo. Nilikuwa askari wake. Hapa kwa bibi analia, ndiyo, lakini anashika sufuria, anamwaga unga, anafukuza kuku wa watu. Afadhali anililie kuliko anizoee nikimkataza."

Nimewasikia wengi wakilijibu swali lake kwa wepesi, wengine wakisema mama akae na mwanawe, wengine wakisema kazi ni kazi. Wote wana ukweli kidogo, na wote hulala usingizi mzuri. Yeye hakuwa na jibu la kulalia. Alikuwa na asubuhi, na kila asubuhi ilimlazimu kuchagua upya, peke yake, huku maji yakichemka.

Siku ya matanga wanawake tulikaa mkekani. Wifi yake, aliyetoka Kaloleni kwa mazishi, alisema kwa sauti ya kusikiwa, "Angekaa na mtoto wake, angekuwa hai. Zile dawa za vyoo ndizo zilizomla kifua."

"Hilo unalijua, au unalitaka tu?" bibi alimuuliza. "Daktari mwenyewe hakulisema."

"Ninalojua ni kwamba alichagua vyoo vya watu akamwacha mwanawe."

"Hakumwacha. Alimleta kwangu, na kila jioni akaja kumchukua. Angekaa naye, wangekula nini? Ungewalisha wewe, wifi mtu?"

Wifi alijifunika leso usoni. Mume wa marehemu alikuwa kando, amempakata binti aliyelala. Bibi alimgeukia.

"Baba, mazishi yamekwisha. Kesho waenda kutafuta kazi?"

"Naenda, bibi."

"Na mtoto abaki na nani?"

Yule bwana alitutazama mmoja mmoja, kana kwamba jibu lilikuwa kwa mmoja wetu. Miaka yote alitoka alfajiri, na mtoto alibaki, basi, kama mlango unavyobaki.

"Sijui," alisema mwishowe. "Mama yake ndiye aliyekuwa akijua."

"Mimi nitakaa naye, inshallah," bibi alisema, "ingawa magoti haya si yale. Lakini nataka nikusikie ukiniomba. Mwenzio aliniomba kila siku, hata nilipokwisha kukubali."

Yule bwana alimwinua binti, akamlaza begani. Kisha akaomba, kwa sauti ndogo, akikosea maneno, mwanamume mzima aliyezoea kubeba magunia.

Nimerudi kwangu na fadhaa. Kama kazi ile ilimfaa, siwezi kusema. Na kama ndiyo iliyompeleka kaburini, siwezi kusema pia. Ninachoona ni kwamba ua mzima, nami nikiwemo, tulilipima jambo la watu wawili kwa kumweka mmoja tu kwenye mizani. Hatukuuliza hata mara moja kama kupakua mizigo kunamfaa baba wa mtoto mchanga. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga. Hawakusema mama.