Tone la Zebaki

Mimi si mtu wa kusadiki mizimu. Nimesoma kemia, nimeishi kwa vipimo. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Segese. Ukitaka kucheka, cheka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mimi na Masanja wa Didia tulimaliza kidato cha sita. Maabara moja ya kemia, chuo kikuu, ilikuwa inatafuta msaidizi wa utafiti. Walikuwa wanapima jinsi elektroni zinavyopita kwenye molekuli. Tuliomba wote wawili. Sanduku la posta lilikuwa moja, la mwalimu wetu, na mimi ndiye niliyekuwa nachukua barua. Ya Masanja ilisema njoo. Yangu ilisema mimi ni wa akiba, mwenzangu asipofika.

Ungefanya nini? Mimi niliichoma ya kwake. Nikamwambia wametukataa sote. Akaitikia tu, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Mwezi uliofuata nikapanda treni.

Mwaka mzima kazi ilitushinda. Tulitandaza utando wa molekuli juu ya bamba la metali, halafu tukaubana kwa bamba la pili. Kila mara utando ulitoboka, mabamba yakagusana, umeme ukapita bure. Profesa akaanza kusema ataniondoa.

Likizo nikawa naenda Kalangalala, kule Geita, kwa dada yangu. Basi likapata pancha Segese, saa nne asubuhi. Masanja alikuwa amekaa kwenye gogo kando ya barabara, kajaa udongo mwekundu hadi kwenye kope.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma, akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi, nikadhani ametoka kuosha mchanga mtoni. Hakuuliza nilifikaje chuoni. Aliuliza kazi inaendaje, na mimi, niamini, nikamweleza yote, maana hakuna mwingine aliyewahi kunielewa upesi kama yeye.

"Bamba la juu liondoe," akasema. "Weka tone la zebaki. Sisi tunakamata dhahabu kwa zebaki, naijua. Inalala juu ya kitu bila kukikwaruza."

Kondakta akatuita. Nikapanda. Habari ya barua sikuitaja.

Dada yangu alinisikiliza hadi mwisho, akaacha kuchambua mchele. "Masanja shimo lilimwangukia wakati wa masika," akasema. "Mpaka leo hawajamtoa."

Nililia? Hapana. Niliogopa, kisha nikafungua daftari nikaandika neno zebaki, nisije nikasahau. Niliporudi maabara, tone lilifanya kazi siku ile ile. Mshale wa kipimo ukapanda polepole, kama tulivyokuwa tunautaka. Profesa akanisifu mbele ya wote. Nikasema wazo ni langu.

Ganzi ilianza wiki ile, kwenye mkono alioushika Masanja. Vidole viwili viliungua juu ya taa ya spiriti huku nikisoma kitabu. Nilijua kwa harufu. Vikakatwa. Vilivyobaki ni vya baridi hadi leo, na mke wangu hataki niwaguse watoto navyo.

Mama Masanja yu hai. Kila nikienda Didia ananiletea michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, ananishukuru kwamba nilikuwa rafiki wa mwanawe, ananiomba nimsimulie alivyokuwa na akili. Namsimulia. Na michembe nakula.

Nawe unayenisikiliza, ukikabidhiwa bahati ya mwenzio, mpelekee angali hai. Usingoje akufuate. Hatakuja kukudai. Atakuja kukusaidia.